Dhana ya Mamlaka ya Michel Foucault katika Utafiti wa Taaluma Mbalimbali: Mfano wa Maji ya Mto Rau, Moshi

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi mawazo ya mwanafalsafa Mfaransa Michel Foucault (1926–1984) kuhusu mamlaka yalivyoathiri utafiti katika taaluma mbalimbali. Manufaa na mipaka ya mawazo hayo inapimwa kwa mfano wa ugawaji wa maji ya Mto Rau, kutoka miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro hadi mashamba ya mpunga ya tambarare za Moshi. Hoja kuu ni kwamba dhana ya Foucault humfaa mtafiti inapomwelekeza kwenye vipimo, ratiba na vibali ambavyo kwavyo watu hutawaliwa na kujitawala. Haimfai inapogeuzwa kuwa jina jipya la serikali au la watu wenye nguvu. Aidha, makala inaonesha kwamba mfano wa Rau unaisahihisha dhana yenyewe, na kwamba tasnifu inayohusu mamlaka ya maji ni sehemu ya mamlaka hayo pindi inapowekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma.

1.0 Utangulizi

Jina la Foucault hutajwa katika tasnifu za historia, isimu, fasihi, elimu, tiba, sheria, jiografia na masomo ya maendeleo. Kutajwa huko hakufanani. Katika baadhi ya kazi jina lake hutokea mara moja katika sura ya mkabala wa kinadharia, kisha halionekani tena hadi ukurasa wa mwisho. Katika nyingine, kila uhusiano wa kibinadamu huitwa mamlaka, hata neno hilo likabaki bila kazi. Ni katika kazi chache tu ambamo dhana hiyo hubadilisha swali la utafiti, data inayokusanywa na namna data hiyo inavyosomwa.

Ili kubainisha tofauti hiyo, makala inachagua eneo moja na jambo moja. Rau ni kata ya Manispaa ya Moshi na pia ni jina la mto na la msitu wa hifadhi. Mahali hapo panakutanisha sehemu mbili za uchumi wa Kilimanjaro: vihamba vya migomba na kahawa upande wa juu, na mashamba ya tambarare upande wa chini. Maji yanayopita hapo yamesimamiwa kwa taratibu zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na kila utaratibu umekuja na ujuzi wake kuhusu maji ni nini na nani anayastahili. Kwa sababu hiyo, Rau ni mahali pazuri pa kupimia nadharia inayodai kwamba ujuzi na mamlaka havitengani.

2.0 Dhana ya mamlaka kwa mujibu wa Foucault

Mawazo ya Foucault hayakukaa mahali pamoja. Katika kazi zake za 1961 na 1963, zilizohusu historia ya wazimu na kuzaliwa kwa tiba ya hospitali, neno mamlaka halijashika nafasi ya kwanza. Nafasi hiyo inapatikana wazi katika kitabu chake cha 1975 kuhusu kuzaliwa kwa gereza, na katika juzuu ya kwanza ya historia ya ujinsia iliyochapishwa 1976. Katika mihadhara yake ya mwaka 1978 pale Collège de France, alihamisha mkazo kutoka kwenye nidhamu ya miili hadi kwenye sanaa ya kutawala, yaani jinsi mienendo ya watu inavyoongozwa kwa takwimu, ushauri, motisha na taratibu za kila siku.

Madai manne yanajitokeza katika kazi hizo. Kwanza, mamlaka si mali inayomilikiwa na mtu au ofisi. Ni uhusiano unaotendeka. Pili, mamlaka hayakatazi tu, bali pia huzalisha: huzalisha ujuzi, tabia na aina za watu, kama vile mgonjwa, mfungwa na mwanafunzi mtoro. Tatu, ujuzi na mamlaka huendana, kwa maana kwamba kumpima mtu, kumwandika na kumlinganisha na wengine ni njia ya kumtawala. Nne, mamlaka hukutana na ukinzani palepale yanapotendeka. Katika insha yake ya 1982 alisisitiza kwamba mamlaka huelekezwa kwa watu walio huru kutenda vinginevyo. Pasipo uhuru wowote, kinachobaki ni mabavu matupu.

2.1 Suala la istilahi

Kabla ya kuitumia dhana hii kwa Kiswahili, mtafiti hukabiliwa na uchaguzi wa neno. Neno la Kifaransa *pouvoir* ni nomino na pia ni kitenzi chenye maana ya "kuweza". Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote mawili. "Nguvu" huelekeza fikra kwenye mabavu, "madaraka" kwenye cheo, "utawala" kwenye serikali, na "uwezo" kwenye kumudu jambo. "Mamlaka" ndilo pana zaidi, lakini nchini Tanzania neno hilo pia ni jina la taasisi. Mkazi wa Moshi anayesikia "mamlaka" na "maji" katika sentensi moja ataikumbuka, kwa haki kabisa, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Moshi. Hojaji inayouliza "mamlaka juu ya maji haya yako kwa nani?" inaweza kupata jina la ofisi, ilhali mtafiti alikuwa akiulizia uhusiano.

Suala hili linazidi tafsiri. Mtafiti asiyelitatua hukusanya data inayothibitisha jambo ambalo Foucault alilipinga, kwamba mamlaka hukaa mahali fulani na yana mwenyewe. Katika makala hii "mamlaka" linatumika kwa maana ya uhusiano ambao ndani yake utendaji wa upande mmoja huongoza utendaji wa upande mwingine. Inapokusudiwa taasisi, jina lake litatajwa kamili.

3.0 Safari ya dhana katika taaluma

Katika masomo ya baada ya ukoloni, Edward Said (1978) alitumia dhana ya diskosi kuonesha jinsi maandishi ya Ulaya yalivyoiumba Mashariki kama kitu cha kujulikana na kutawaliwa. V. Y. Mudimbe (1988), mwanafalsafa aliyezaliwa katika Kongo, alifanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa Afrika. Aliuliza ni kwa misingi gani ya ujuzi Afrika iliwezeshwa kuelezwa na wamisionari, wanaanthropolojia na hatimaye wanafalsafa Waafrika wenyewe. Swali la Mudimbe linaigusa Kilimanjaro moja kwa moja. Charles Dundas, afisa wa serikali ya Kiingereza, alichapisha kitabu kuhusu mlima huo na watu wake mwaka 1924. Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri kutoka Ujerumani, alichapisha kitabu chake kuhusu sheria za Wachaga mwaka 1926. Vitabu hivyo vinasomwa hadi leo kama hazina ya mila. Kwa jicho la Mudimbe, ni pia matendo ya kuigeuza mila kuwa kitu kinachoweza kushikwa na utawala.

Katika anthropolojia ya maendeleo, James Ferguson (1990) alichunguza mradi wa Thaba-Tseka nchini Lesotho. Foucault alikuwa ameuliza kwa nini gereza linaendelea kuwepo ilhali halifikii malengo yake. Vivyo hivyo, Ferguson aliuliza mradi wa maendeleo hufanya nini hata unaposhindwa. Jibu lake ni kwamba hueneza mkono wa urasimu wa dola, na hugeuza masuala ya kisiasa kuwa matatizo ya kiufundi. Katika isimu, Norman Fairclough (1989) na wenzake waliiunganisha dhana ya diskosi na uchanganuzi wa matini, na kuzaa mkabala ambao leo hutumiwa sana katika tasnifu za Kiswahili zinazohusu hotuba za kisiasa, matangazo na magazeti.

Lugha ya Foucault yenyewe ina fundisho hapa. Kwa Kifaransa, neno moja hutaja tawi la elimu na pia nidhamu inayomnyoosha mtu. Kiswahili hutenganisha "taaluma" na "nidhamu", na utengano huo humfanya msomaji asahau kwamba mawili hayo ni ndugu. Historia, isimu na anthropolojia ni njia za kujua, lakini pia ni njia za kuwapanga wanaojulikana.

Ikumbukwe kwamba swali kama hilo limewahi kufikiwa bila Foucault. Sally Falk Moore (1986), aliyechunguza sheria ya kimila katika Kilimanjaro kati ya 1880 na 1980, alionesha kwa mapokeo ya anthropolojia ya sheria kwamba kile kinachoitwa mila kimekuwa kikitengenezwa upya ndani ya mabadiliko ya dola na uchumi. Mtahini ana haki ya kuuliza: kama Moore alifika huko kwa njia nyingine, Foucault anaongeza nini? Sehemu inayofuata inajibu swali hilo.

4.0 Mfano: maji ya Rau

4.1 Mfongo

Miteremko ya Kilimanjaro ina mtandao mkongwe wa mifereji ya umwagiliaji iitwayo mifongo. Mfongo huchukua maji kutoka mtoni mahali palipo juu, na kuyapitisha kwa mteremko mdogo hadi kwenye vihamba. Kwa desturi, haki ya kupata maji ilitokana na ukoo uliouchimba mfongo na kazi ya kuutunza. Walionufaika walipaswa kujitokeza kuusafisha na kuutengeneza, na asiyejitokeza alitozwa faini au kunyimwa zamu. Maji yaligawanywa kwa muda: mtu alipewa sehemu ya siku, si ujazo uliopimwa. Usimamizi ulikuwa kwa kawaida mikononi mwa wanaume.

Msomaji wa Foucault huona hapa mamlaka kamili bila ofisi. Zamu ni ratiba, usafishaji wa mfereji ni nidhamu, na jicho la jirani anayesubiri maji ni uangalizi usiolala. Hata hivyo ujuzi uliotumika haukuandikwa. Ulikaa katika kumbukumbu ya nani alichimba, nani alikuja kazini na nani anadaiwa. Mtu aliyezalishwa na utaratibu huo alikuwa mwana wa ukoo na mshirika wa kazi. "Mtumiaji wa maji" alikuwa bado hajazaliwa.

4.2 Kibali

Kipimo kingine kiliingia kwa sheria. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitunga sheria ya kusimamia vyanzo vya asili vya maji, wakati ambapo walowezi na mashamba makubwa ya chini ya mlima walikuwa wakigombea mito ileile. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1974 iliyaweka maji yote chini ya umiliki wa Jamhuri ya Muungano, na kumtaka mtumiaji awe na haki ya maji iliyotolewa na afisa. Bonde la Mto Pangani, ambalo mito ya Rau na Njoro ni sehemu yake, lilipata ofisi yake mwaka 1991. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliendeleza mfumo wa vibali na kuweka nafasi ya jumuiya za watumia maji, huku ikizitambua pia haki za kimila.

Matthew Bender (2019) ameieleza historia ya maji ya Kilimanjaro kama mvutano kati ya aina za ujuzi. Wageni wa mwanzo waliistaajabia mifongo. Wataalamu wa baadaye waliiona kuwa chanzo cha upotevu wa maji na mmomonyoko wa udongo. Mifereji ilikuwa ileile, na kilichobadilika ni macho yaliyoitazama.

Hapa ndipo Foucault anapoongeza jambo. Historia ya kawaida ingesema kwamba dola ilichukua mamlaka ya maji kutoka kwa koo. Foucault humtaka mtafiti aangalie kipimo. Mfongo hupima kwa muda na kazi, ilhali kibali hupima kwa ujazo, yaani lita kwa sekunde. Mabadiliko hayo madogo yanabeba mengi. Ujazo unaweza kuandikwa, kujumlishwa kwa bonde zima, kulipiwa ada na kukaguliwa na mtu asiyejua ukoo wowote. Mtu mpya huzaliwa kutokana na kipimo hicho: mwenye kibali, mlipa ada, mwanachama wa jumuiya ya watumia maji. Upande wa pili huzaliwa mwenziwe, ambaye ni mchepushaji asiye na kibali. Babu aliyeirithi zamu kutoka kwa waliochimba mfongo anaweza kujikuta mkosaji bila kubadilisha hata siku moja anavyofungulia maji. Hata utambuzi wa mila haulimalizi jambo hili, kwa kuwa ili mila itambuliwe ofisini hulazimika kuingia katika maandishi, na ikiingia huko hupoteza ule wepesi wa kujadiliwa upya kila msimu.

4.3 Mashamba ya mpunga

Chini ya Rau, mradi wa umwagiliaji wa tambarare za Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa ushirikiano na Japani. Ulikusudiwa kuhudumia takriban hekta 2,300, na kati ya hizo hekta 1,100 zilikuwa za mpunga, kwa kutumia maji ya mito ya Rau na Njoro. Mashamba ya Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria yalipangwa upya kuwa vipande vya mstatili vyenye ukubwa unaolingana, vikapewa mifereji na ratiba ya kupanda. Mpangilio huo unafanana sana na nafasi zilizoelezwa katika kitabu cha 1975, ambamo kila kitu kina mahali pake na kila mahali panaonekana kwa msimamizi.

Mpangilio huo ulifanikiwa kwa namna ambayo haikutarajiwa. Mavuno yalipanda, na faida ya mpunga ikawavutia wakulima walio juu ya milango ya maji ya mradi, nje ya eneo lake. Wao pia wakaanza kulima mpunga na kufungulia maji kabla hayajafika chini. Waliokuwa na mifereji ya kisasa, ratiba na nyaraka wakakosa maji. Waliokuwa na nafasi ya juu na jembe wakayapata. Jambo hilo aghalabu huitwa "uhaba wa maji". Ferguson angemwonya mtafiti asilipokee jina hilo bila kulihoji. Uhaba ni lugha ya kiufundi, na inaweza kulifunika swali la mgawanyo: nani wa juu, nani wa chini, na nani ana haki ya kuigwa mafanikio yake.

5.0 Mipaka ya dhana

Mfano wa Rau unaonesha pia mahali ambapo Foucault hatoshi. Ingawa alifundisha katika Chuo Kikuu cha Tunis kati ya 1966 na 1968, vitabu vyake vikuu vinahusu Ulaya ya Magharibi, na ukoloni haumo katika kiini cha uchambuzi wake. Megan Vaughan (1991), aliyechunguza tiba na ukoloni barani Afrika, alidai kwamba utawala wa kikoloni haukujishughulisha sana na kumuumba mtu binafsi anayejichunguza. Uliwaona Waafrika kama makundi, na mara nyingi ulitumia nguvu za wazi. Frederick Cooper (1994) alipendekeza kwamba mamlaka ya kikoloni yafananishwe na mishipa mikubwa ya damu, si na ile midogo inayofika kila ncha ya mwili: yalijaa mahali pachache, na nje ya hapo yalihitaji kusukumwa.

Katika Rau onyo hilo lina uzito. Kibali kina nguvu mahali ambapo afisa anaweza kufika na kupima. Mlango wa maji unaofunguliwa usiku na mkulima wa juu hauhitaji diskosi yoyote, unahitaji mteremko. Mto hushuka, na aliye juu huanza. Nadharia inayoona mamlaka kama mtandao wa ujuzi inaweza kulisahau jambo hili rahisi linalojulikana na kila mkulima wa Kilimanjaro. Mtafiti makini hana budi kuiweka jiografia ndani ya uchambuzi wake kama sehemu ya uhusiano wa mamlaka wenyewe.

Mpaka wa pili ni wa kimaadili. Kusema kwamba mamlaka yako katika kila uhusiano hakumaanishi kwamba pande zote ni sawa. Mjane mwenye kipande kimoja mwishoni mwa mfereji, ambaye zamu yake hutetewa na mwanamume wa ukoo au haitetewi kabisa, na mlimaji mkubwa anayeweza kumudu pampu wako ndani ya mtandao mmoja, lakini hawana njia sawa za kutoka ndani yake. Tasnifu inayoishia kusema kwamba wote hutenda na wote hukinzana haijamaliza kazi.

6.0 Mtafiti ndani ya mamlaka anayoyachunguza

Katika kitabu cha 1976 Foucault alieleza jinsi ungamo lilivyotoka kanisani likaingia katika tiba, sheria na sayansi, hata kusema ukweli kuhusu nafsi kukawa njia ya kushikwa. Usaili wa kitafiti una ukoo na ungamo hilo. Swali "mfongo wenu una kibali?" linaonekana dogo. Likijibiwa kwa ukweli mahali ambapo kibali hakipo, jibu hilo ni kukiri kosa mbele ya mtu mwenye kalamu.

Jambo hili ni zito zaidi tasnifu inapohifadhiwa katika hazina ya chuo iliyo wazi kwa wote. Ramani ya mifereji isiyosajiliwa iliyochorwa kwa viwianishi, orodha ya wasimamizi wa mifongo, na jedwali la zamu za usiku vinaweza kusomwa na mtahini, na pia na yeyote mwenye nia ya kuifunga mifereji hiyo. Kutumia majina ya kubuni hakutoshi pale ambapo mahali penyewe panamtambulisha mtu. Kinachohitajika ni uamuzi wa mapema kuhusu nini kichorwe, kwa ukubwa gani wa ramani, na nini kibaki kwa wenyewe. Mtafiti anayemtumia Foucault bila kujiuliza swali hili ameitumia nadharia kwa wengine na kuiepusha na nafsi yake.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba mawazo ya Foucault yamesambaa katika taaluma nyingi kwa sababu yanatoa swali linaloweza kuhamishwa: ni kwa ujuzi upi, kipimo kipi na utaratibu upi watu hufanywa watawalike? Katika Rau swali hilo limefichua tofauti kati ya muda wa mfongo na ujazo wa kibali, na watu wawili tofauti wanaozaliwa kutokana na vipimo hivyo. Wakati huohuo, Rau imeidai nadharia iutambue mteremko wa ardhi, udhaifu wa mkono wa dola na tofauti za hali kati ya wakinzani.

Kwa watahini, kigezo kinachopendekezwa ni rahisi. Jina la Foucault likiondolewa katika tasnifu na hoja ikabaki kama ilivyokuwa, basi lilikuwa pambo. Likiondolewa na swali, data na tahadhari za mtafiti zikaanguka pamoja nalo, basi dhana ilifanya kazi. Kwa watafiti wa maji ya Kilimanjaro, kipo kigezo cha pili kisichopungua uzito: baada ya tasnifu kuwekwa hazinani, yule aliyejibu maswali awe bado anaweza kuifungulia zamu yake.